Asmara na Unguja: ufunguo wa mlango uko kwa nani?

Msomaji wetu wa Kansanga, Kampala, aliyemaliza mafunzo ya hoteli na kupata ahadi ya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, anauliza:

"Mwalimu, jirani yangu ni mkimbizi kutoka Eritrea. Kila tukizungumza kuhusu safari yangu hunionya. Anasema kwao Asmara hakuna vibaka, barabara ni safi, na mtu huacha baiskeli yake nje ya duka akaikuta, ilhali katika visiwa vya watalii mwenyeji ni mtumishi wa mgeni. Dada yangu mkubwa, aliyewahi kufanya kazi katika kijiji cha hoteli cha Nungwi hukohuko Unguja, naye analalamika kwamba kila kitu ni ghali na ufuo si wa wenyeji tena. Je, kuna tofauti ya kweli kati ya maisha ya nchi iliyofungwa na maisha ya kisiwa kilichojifungua kwa watalii, au hizo ni namna mbili tu za kutokuwa huru? Tena mdogo wake jirani angependa tufuatane. Inawezekana?"

Jibu:

Jirani yako hakudanganyi, dada yangu, na nisingependa jibu langu liwe fimbo ya kumpigia. Asmara ni mji mzuri kweli. Waitalia waliujaza majengo ya mtindo wa kisasa wa miaka ya 1930, kikiwemo kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha mwaka 1938 kilichojengwa kwa umbo la ndege, na mwaka 2017 UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika afya, Eritrea ilifikia lengo la Umoja wa Mataifa la kupunguza vifo vya watoto kufikia mwaka 2015, kama zilivyofanya Uganda na Tanzania, na mwaka 2007 ilipiga marufuku ukeketaji. Waeritrea walipigania uhuru wao kwa miaka 30, kuanzia 1961 hadi 1991, wanawake wakiwa mstari wa mbele pamoja na wanaume, na katika kura ya maoni ya Aprili 1993 karibu wote walichagua kuwa taifa. Mtu aliyezaliwa katika historia kama hiyo akiusifu mji wake, anasifu kitu ambacho familia yake ilikilipia kwa damu. Msikilize kwa heshima.

Lakini baada ya kumsikiliza, jiulize swali ambalo pengine kwa adabu hujamuuliza: kwa nini yuko Kansanga? Kwa nini mtu aache mji usio na vibaka, apite Sudan au Ethiopia kwa hatari, aje kupanga chumba Kampala na kuanza maisha upya kwa lugha ngeni? Umoja wa Mataifa unahesabu zaidi ya wakimbizi 500,000 wa Eritrea duniani, kutoka nchi yenye watu milioni chache tu. Nimefanya kazi ya ushauri na wakimbizi katika mji huu kwa muda mrefu, na Waeritrea wengi niliowasikiliza hawakunitajia njaa kwanza. Walinitajia utumishi.

Utumishi wa taifa uliwekwa na sheria ya mwaka 1995. Kila raia, mwanamume kwa mwanamke, alitakiwa kutumikia miezi 18: miezi 6 ya mafunzo ya kijeshi na miezi 12 ya kazi ya umma au jeshini. Kama sheria hiyo ingefuatwa ilivyoandikwa, mimi nisingekuwa na neno, kwa sababu mataifa mengi yana utumishi wa aina hiyo. Kisha vikaja vita vya mpaka na Ethiopia, kuanzia 1998 hadi 2000, na baada ya vita askari hawakuruhusiwa kurudi nyumbani. Mwaka 2002 serikali ilitangaza kampeni ya maendeleo iliyoitwa Warsai Yikealo, na tangu hapo utumishi ukawa hauna tarehe ya mwisho. Mwaka uliofuata, darasa la mwisho la sekondari likahamishiwa kambi ya kijeshi ya Sawa, karibu na mpaka wa Sudan, hivi kwamba mwanafunzi humaliza shule akiwa tayari mikononi mwa jeshi.

Fikiri maana yake kwa kijana wa umri wako. Anaweza kupangiwa kuwa mwalimu, mwuguzi, karani au mjenzi, lakini hakuchagua kazi hiyo, hakuchagua mahali, hawezi kuiacha, na anapewa posho isiyotosha kumlisha mke na mtoto. Hajui kama ataachiliwa mwaka huu, au akiwa na miaka 30, au akiwa na mvi. Akitaka kwenda mji mwingine, lazima awe na karatasi ya ruhusa ya kusafiri, ambayo wenyewe huiita menkesakesi. Asipokuwa nayo, anaweza kukamatwa katika msako, unaoitwa giffa, ambapo askari huziba mitaa na kukagua karatasi za kila kijana anayepita. Pesa zake zilizoko benki huzitoa kwa kiwango kilichowekewa kikomo kila mwezi tangu noti zilipobadilishwa mwaka 2015. Na ili avuke mpaka kihalali anahitaji viza ya kutoka, yaani kibali cha serikali yake mwenyewe cha kumruhusu aondoke nchini mwake, kibali ambacho kijana wa umri wa utumishi hukipata kwa nadra sana. Wanaovuka kwa siri huacha nyuma wazazi, na wazazi wengi wametozwa faini ya nakfa 50,000 (nakfa ndiyo sarafu ya Eritrea), au wamefungwa waliposhindwa kulipa.

Hapo ndipo unapoanza kuuelewa vizuri utulivu anaousimulia jirani yako. Sehemu ya utulivu huo ni malezi na mshikamano wa watu wenyewe, na sina shaka juu ya hilo. Sehemu nyingine ni kwamba vijana wengi ama wako kambini ama wameshaondoka, na kwamba mtu ambaye angeandika malalamiko gazetini hana gazeti la kuandikia. Septemba 2001, dunia ilipokuwa inatazama New York, serikali ya Rais Isaias Afwerki iliyafunga magazeti yote ya binafsi na kuwakamata viongozi 11 kati ya 15 wa chama tawala waliokuwa wameandika barua ya wazi kudai mageuzi, pamoja na waandishi wa habari kadhaa, akiwemo Dawit Isaak mwenye uraia wa Sweden pia. Hawakufikishwa mahakamani, na familia zao hazikuambiwa rasmi kama wako hai. Katiba iliyopitishwa mwaka 1997 haijawahi kutumika, na uchaguzi wa kitaifa haujafanyika hata mmoja tangu uhuru. Mwaka 2016, tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema kuna sababu za kutosha za kuamini kwamba makosa dhidi ya ubinadamu yametendeka huko, ukiwemo utumwa kupitia utumishi huo usiokoma.

Serikali ya Asmara kwa miaka mingi ilijitetea kwa kusema kwamba Ethiopia ilikuwa tishio, na kwamba nchi ndogo haiwezi kuwaachia askari wake wakati adui yuko mpakani. Ni hoja inayostahili kupimwa, wala si ya kutupwa. Ilipimwa Julai 2018, pale Ethiopia na Eritrea zilipotiliana sahihi ya amani. Septemba mwaka huo mpaka ulifunguliwa, ndugu wa pande mbili wakakumbatiana barabarani, na maelfu ya watu wakavuka bila kuulizwa karatasi. Baada ya miezi michache vituo vya mpakani vikafungwa tena, kimoja baada ya kingine, na utumishi ukaendelea vilevile. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko ripoti yoyote: adui aliyetajwa aliondoka, mlango ukabaki umefungwa.

Nawe unayeishi Kampala una ushahidi wa karibu zaidi. Desemba 2012, timu ya taifa ya Eritrea ilikuja hapa kwa mashindano ya soka ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, na ilipotolewa, wachezaji 17 na daktari wao walitoweka hotelini kisha wakajitokeza kuomba hifadhi. Walikuwa wametanguliwa na wenzao waliobaki Kenya mwaka 2009, na mwaka 2015 wengine wakabaki Botswana. Mwaka 2019, hapahapa Uganda, wakatoweka tena wachezaji wa timu ya vijana na baadaye wa timu ya wakubwa. Ilipofika Novemba 2023, Eritrea ilijitoa katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia kabla ya kucheza hata moja. Mchezaji wa timu ya taifa ni mtu mwenye upendeleo katika nchi yake; anajulikana, anapewa nafasi ambazo wengine hawana. Ikiwa hata yeye akiona mlango uko wazi mara moja anapita na harudi, basi nchi hiyo haiwezi kupimwa kwa usafi wa barabara zake.

Sasa tuvuke bahari twende Unguja, maana dada yako naye ana haki ya kujibiwa. Waswahili wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone, na swali la dada yako kwa hakika ni hili: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona? Wageni wamekuja kweli. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 500,000, na kufikia mwaka 2024 walikuwa wamezidi 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilivihesabia wakazi wasiofika milioni 2. Sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni zinazoingia visiwani humo inatokana na utalii. Hata hivyo, pesa hiyo haipiti mikononi mwa watu wa Nungwi au Paje kama mtu anavyodhani akiwa mbali. Mtalii mara nyingi hulipia kila kitu Ulaya kabla ya kupanda ndege: chumba, chakula, vinywaji, hata gari la kutoka uwanja wa ndege, hivyo anaweza kukaa wiki nzima asinunue hata nazi kwa mtu wa kijiji. Mboga na nyama mara nyingi huletwa kutoka bara au ng'ambo. Samaki ambaye zamani mama wa nyumbani alimnunua mnadani asubuhi sasa anashindaniwa na jiko la hoteli, na bei humfuata mwenye pesa.

Kuhusu ufuo, dada yako amesema kweli, ingawa kisheria mambo ni magumu zaidi kidogo. Ardhi yote ya Zanzibar ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na hadi leo iko chini ya serikali, na mgeni hawezi kuimiliki ila kuikodi kwa muda mrefu. Mwekezaji akishakodishwa eneo la pwani huweka ukuta na mlinzi, na hata pale ambapo mwenyeji hajakatazwa kupita chini kwenye mchanga, hujiona anatazamwa kama papasi, yaani kijana wa ufuoni anayewaandama watalii, aliyekuja kuwasumbua wageni. Wanaoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wanawake wa Paje na Jambiani ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamelima mwani katika maji mafupi yaleyale ambayo sasa watalii wanayataka kwa kuogelea na kuteleza na tiara za upepo. Mwani uliwapa wanawake wale pesa yao ya kwanza ambayo haikupitia mkononi mwa mume. Bei yake ni ndogo, maji yamepata joto, mimea inakufa, na juu ya hayo vigingi vyao vinaonekana kuwa uchafu mbele ya hoteli. Jambo hili linanigusa, na nakuomba ukifika huko uwanunulie sabuni zao za mwani na uwasikilize habari zao.

Liko pia suala la maji ya kunywa, ambayo katika vijiji kadhaa hukatika huku bustani za hoteli zikimwagiliwa, na liko suala la msimu. Mvua za masika zikianza, mwezi wa Aprili na wa Mei, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na mfanyakazi asiye na mkataba wa kudumu huambiwa aende nyumbani asubiri kuitwa. Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, idadi ya watalii ilishuka hadi karibu nusu ya mwaka uliotangulia, na watu waliokuwa wakiishi kwa bahashishi wakarudi kuvua na kulima mihogo. Kisiwa kinachomtegemea mgeni hupata homa pale mgeni anapokohoa.

Pamoja na hayo yote, sikubaliani na maneno yako kwamba hizi ni "namna mbili tu za kutokuwa huru", na sababu yangu naichukua Zanzibar kwenyewe, kwa kuwa kisiwa hicho kimewahi kuishi maisha yote mawili. Wasomaji vijana wengi hawalijui hili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizofungwa kuliko nyingine zote katika Afrika Mashariki. Utawala wa Abeid Amani Karume uligawa ardhi ekari tatu tatu kwa wasiokuwa nayo, ulitoa elimu na matibabu bure, ulijenga majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ulianza kuandaa televisheni ya rangi, iliyoanza kurushwa mapema miaka ya 1970 wakati ambapo bara hapakuwa na televisheni kabisa. Wakati huohuo hapakuwa na uchaguzi wala gazeti huru, watu walitoweka kizuizini, mchele ulipatikana kwa foleni, na kutoka kisiwani kulihitaji ruhusa. Wako waliotoroka usiku kwa ngalawa kuelekea bara, na wako waliozama. Karume mwenyewe aliuawa Aprili 1972, na uchaguzi wa kwanza baada ya Mapinduzi ukaja mwaka 1980, ukiwa na mgombea urais mmoja tu.

Wazee wa Mji Mkongwe waliopitia kipindi hicho hukumbuka mambo yote mawili: nyumba ya bure ya Michenzani na hofu ya gari lililosimama mlangoni usiku. Nimewasikia wakisema, kama anavyosema jirani yako, kwamba wakati ule hapakuwa na wizi. Sijawasikia wakitaka warudishiwe wakati ule.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa mtalii. Bei ya karafuu ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hazina ikabaki tupu, na mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar aliruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa na watu kusafiri na kutuma fedha. Maduka ya Darajani, eneo la soko kuu la mjini Unguja, yalijaa nguo na mchele kabla hoteli za Nungwi hazijaota. Sheria ya kuwalinda wawekezaji ilifuata mwaka 1986, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na watalii kwa mamia ya maelfu wakaja baadaye sana. Mwenyeji alifunguliwa kwanza, mgeni akaingia kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa na madirisha. Mpangilio huo wa mambo ni muhimu, kwa sababu ziko nchi zilizofanya kinyume chake.

Itazame Kuba. Baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, serikali ya Havana ilihitaji dola ikawafungulia watalii fukwe za Varadero, lakini Mkuba wa kawaida hakuruhusiwa kulala katika hoteli za watalii za nchi yake hadi mwaka 2008, na alihitaji kibali cha kutoka nchini hadi Januari 2013. Kwa miaka mingi kisiwa kimoja kilikuwa wazi kabisa kwa mgeni na kimefungwa kwa mwenyeji, na watu walipoandamana Julai 2021, intaneti ilikatwa na mamia wakafungwa. Maldivi nayo ilianza kujenga visiwa vya hoteli mwaka 1972, na chini ya Maumoon Abdul Gayoom, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2008, watalii walikaa kwenye visiwa vyao wasikutane na raia, huku wapinzani wakifungwa kisiwa kingine ambacho hakikuchorwa katika vitabu vya matangazo. Ni baada ya utawala huo kuondoka ndipo watu wa kawaida waliporuhusiwa kufungua nyumba za wageni katika visiwa wanamoishi wenyewe. Kwa hiyo onyo la jirani yako lina ukweli ndani yake: ndege nyingi uwanjani na miavuli mingi ufuoni hazikuhakikishii chochote kuhusu uhuru wa anayetandika vitanda. Hata Eritrea ina visiwa vizuri, vile vya Dahlak katika Bahari ya Shamu, zaidi ya 100, na kimoja kati yavyo, Nokra, Waitalia walikifanya gereza. Uzuri wa bahari haujui chochote kuhusu siasa za pwani yake.

Ndiyo maana kipimo ninachokitumia hakimhusu mgeni anayeingia. Kinamhusu mwenyeji anayetoka na kurudi. Je, anaweza kuondoka bila kuomba? Akiondoka, anaweza kurudi bila kuogopa? Akiwa ndani, anaweza kuikataa kazi, kumlaumu mkubwa kwa jina, na kulala nyumbani kwake usiku huo?

Kwa kipimo hicho Zanzibar haina alama zote, na sitakuficha. Januari 2001, polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa upinzani, hasa Pemba. Makumi waliuawa na watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, visiwa vya watalii vikawa vimetoa wakimbizi. Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi aliyafuta matokeo yote, na uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 upinzani ukaususia. Kila uchaguzi ukikaribia, hofu hurudi mitaani. Wala sisi huku hatuna kimo cha kuwatazama kwa juu, kwani Januari 2021 intaneti ya Uganda nzima ilizimwa usiku wa kuamkia kura ikabaki imezimwa kwa siku kadhaa. Serikali zetu zinaujua mlango ulipo na wakati mwingine huushika kitasa.

Lakini angalia dada yako alivyofanya. Hakuipenda kazi ya Nungwi, akaacha. Alipanda boti hadi Dar es Salaam, akapanda basi, akavuka mpaka wa Mutukula, na hakuna aliyemtoza mama yenu faini. Leo anailalamikia Zanzibar kwa sauti mbele ya yeyote anayemsikiliza, na kesho akitaka kurudi atarudi. Wanawake wa mwani wanawalalamikia wawekezaji hadharani na wako majumbani mwao. Malalamiko hayo ndiyo yanayonionyesha tofauti, kwa sababu dhuluma inayoweza kusemwa ina nafasi ya kurekebishwa, hata kama inachukua miaka, na ile isiyoweza kusemwa hukaa mpaka mtu anapoamua kukimbia. Mwenye kodi kubwa na mshahara mdogo anaonewa; asiyejua siku ya mwisho ya utumishi wake amemilikiwa. Mimi siwezi kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani moja.

Kwa hiyo nenda, ikiwa masharti ni mazuri, na uyakague masharti kwa kipimo kilekile. Tanzania haimo katika mpango wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ambao Uganda, Kenya na Rwanda zinautumia, kwa hiyo utahitaji pasipoti, na ingawa huhitaji viza, kuingia kama mgeni hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Ajira si jambo la Muungano, uhamiaji ni la Muungano. Maana yake kibali cha kazi hutolewa na mamlaka ya kazi ya Zanzibar na kibali cha ukaazi na Idara ya Uhamiaji ya Tanzania, na mwajiri wa kweli huyaanza hayo kabla hujaondoka Kampala. Dai mkataba ulioandikwa unaosema mshahara ni wa sarafu gani, utalala wapi, chakula ni cha nani, utalipwaje mwezi wa Aprili na wa Mei, na kama utaandikishwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Na mtu yeyote akikuomba umkabidhi pasipoti yako "aitunze", ikatae kazi hiyo hata kama mshahara ni mnono. Binti wengi wa Uganda waliokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba walipoteza uhuru wao katika dakika hiyo moja, ndani ya miji yenye viwanja vya ndege vikubwa na vya wazi kuliko vyote duniani.

Nimebakiza mdogo wake jirani, na kwake jibu ni tofauti na lako. Wewe ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yeye si raia wa Jumuiya, hata kama amekulia Kansanga na anaongea Luganda kukushinda. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kutembea na kufanya kazi ndani ya Uganda, na inamruhusu kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi, lakini hati hiyo haimpi ruhusa ya kuingia Tanzania. Itambidi aombe viza, na hoteli iwe tayari kumwombea vibali kama mgeni wa nje ya Jumuiya. Asiende kutafuta pasipoti kwenye ubalozi wa nchi yake ili kufupisha njia. Waeritrea waliotoroka utumishi hutakiwa huko kusaini fomu ya kukiri kosa na kulipa asilimia 2 ya mapato yao, na mkimbizi anayechukua pasipoti ya serikali aliyoikimbia anaweza kupoteza hadhi yake ya ukimbizi hapa. Aende kwanza Idara ya Wakimbizi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, akiwa na kitambulisho chake cha mkimbizi kisichopitwa na wakati na barua ya hoteli, aombe hati ya kusafiria, na wewe utangulie bila kumsubiri, kwa kuwa maombi yake yatachukua muda mrefu kuliko ahadi yako ya kazi.